Waifai ya Nyumbani Iliyoachwa Wazi: Dalili, Visababishi na Mahali pa Kumwita Fundi

Katika ploti nyingi za Nyalenda, Manyatta na Migosi hapa Kisumu, mpangaji mmoja akishavutiwa faiba, haipiti wiki kabla jirani hajabisha mlango kuomba nenosiri la dakika mbili tu. Kumnyima jirani waifai huonekana kama kumnyima kaa la kuwashia jiko, kwa hiyo nenosiri hutolewa, na wapo wanaoona ni heri waliondoe kabisa ili wasibishiwe hodi kila jioni. Malalamiko hunifikia miezi kadhaa baadaye, yakiwa yamevaa sura nyingine: kasi imekufa, televisheni ina pepo, benki inafungua ukurasa usioeleweka. Nimeyapanga hapa kwa dalili zake, kisababishi kinachojitokeza mara nyingi kikitangulia na kile cha nadra kikifuata.

Ninaposema waifai iliyo wazi ninamaanisha ile isiyo na nenosiri na pia ile ambayo nenosiri lake linajulikana na ploti nzima. Kitaalamu ni mambo mawili tofauti, na pale tofauti hiyo inapokuwa na uzito nitaitaja.

Kabla ya yote, itazame taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba. Ikiwa inawaka nyekundu, waya umekatika au umechomoka mahali fulani, na hakuna lolote katika mwongozo huu litakalokusaidia; ipigie simu kampuni yako. Usiuchomoe waya huo ili uuchungulie ndani, kwa sababu mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho ingawa unaweza kuyadhuru.

Intaneti inakokota kuanzia jioni hadi usiku

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mara nyingi mwenye kosa yumo ndani ya nyumba. Video ya ubora wa juu kwenye televisheni hula takriban Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), na ile ya 4K hula hadi 15. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha Mbps 10 ambaye watoto wake wanatazama katuni sebuleni, huku simu tatu zikijisasisha zenyewe chumbani, hana haja ya kumtafuta mwizi. Kisababishi cha pili ni majirani, na cha tatu ni ukuta wa mawe au mabati yanayotenganisha vyumba, pamoja na msongamano wa ruta nyingi zinazopigana kwenye masafa ya GHz 2.4. Kampuni yenyewe kuelemewa saa za jioni huja mwisho, ingawa ndiyo hulaumiwa kwanza.

Ukaguzi rahisi ni huu: zima waifai kwenye kila simu, televisheni na kompyuta ya nyumbani, kisha itazame taa ya WLAN, yaani ya waifai, kwenye ruta. Itapepesa kidogo hata pasipo mtumiaji, lakini ikiendelea kupepesa kwa kasi bila kupumzika, kuna mtu mwingine anayevuta. Baada ya hapo fungua ukurasa wa ruta kupitia kivinjari. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa, na mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Humo utaikuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Orodha hiyo isomwe kwa subira. Mama mmoja wa Mamboleo aliniita usiku akiwa ameshikwa na hofu, akanionyesha namba ngeni na kuniuliza, "Fundi, huyu ni nani aliyeingia kwangu?" Nilipomwomba azime simu yake mwenyewe, mgeni yule akatoweka. Simu za Android tangu toleo la 10, na za iPhone tangu iOS 14, huweza kujitambulisha kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kubuni badala ya ile halisi, kwa hiyo simu yako inaweza kuonekana kama ya mtu usiyemjua. Zima kifaa kimoja kimoja na utazame ni jina gani linaondoka. Yatakayosalia baada ya vyote kuzimwa, ukiacha kile unachosomea orodha, ndiyo ya wageni.

Ukithibitisha kwamba ni wageni, badilisha nenosiri na uchague ulinzi wa WPA2 wenye AES, au WPA3 ikiwa ruta yako inauruhusu. WEP, ambao bado unapatikana kwenye vifaa vya zamani, ulivunjwa tangu mwaka 2001 na haumzuii mtu yeyote mwenye nia. Usijisumbue kulificha jina la waifai. Vifaa vyako vyenyewe hulitaja jina hilo hewani kila vinapojiunga, na mwenye programu ya kusikiliza atalipata. Kuwachuja watu kwa anwani za MAC nako ni sawa na kufunga mlango kwa kitambaa, kwa kuwa anwani hizo huigwa kwa urahisi.

Nenosiri limebadilishwa, lakini wageni wamerudi

Kwanza muulize mtoto. Simu nyingi za sasa hutoa msimbo wa mraba (QR) ambao jirani akiupiga picha anaingia bila hata kutajiwa nenosiri, na mtoto wa miaka kumi anajua kuutoa kuliko mzazi wake. Pili, angalia kama mtu alibonyeza kitufe cha kuiweka upya ruta, ikarudia nenosiri la kiwandani lililo kwenye kibandiko, lile ambalo keteka, yaani mwangalizi wa ploti, alilipiga picha siku ya usakinishaji. Tatu, uliza kama ukurasa wenyewe wa ruta bado unafunguliwa kwa jina la kiwandani. Aliyekwisha kuingia kwenye waifai yako, akijua kwamba jina na nenosiri la ukurasa huo ni "admin" yote mawili, anaweza kulisoma nenosiri lako jipya dakika uliyolibadilisha. Hili la tatu husahauliwa mno: kuna manenosiri mawili, la kuingia kwenye waifai na la kuiendesha ruta, na kubadilisha la kwanza pekee hakutoshi.

Kisababishi cha nne ni nenosiri dhaifu, na hapa inafaa tufanye hesabu. Watu wengi katika maeneo yetu hutumia namba ya simu kuwa nenosiri. Namba inayoanza na 07 ina tarakimu nane tu zisizojulikana, yaani uwezekano milioni 100. Mtu akiyanasa mazungumzo mafupi ambayo simu yako hufanya na ruta inapojiunga, anaweza kwenda kukisia nyumbani kwake bila ruta yako kufahamu lolote, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu malaki ya makisio kwa sekunde. Namba ya simu haitamaliza saa moja. Hata hiyo hesabu ni ya ziada, kwa kuwa jirani huwa tayari ana namba yako. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yakiunganishwa na kuchanganywa Kiswahili na lugha ya kwenu, humshinda mkisiaji kwa mbali na bado unaweza kuyakumbuka.

La mwisho ni WPS, ile njia ya kujiunga kwa namba ya siri yenye tarakimu nane. Mwaka 2011 ilibainishwa kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, kwa hiyo mkisiaji anahitaji majaribio 11,000 hivi badala ya mamilioni, na hata nenosiri gumu kiasi gani haliwezi kukulinda. Izime kwenye mipangilio; hutaikosa.

Ikiwa ukurasa wa ruta unalikataa kabisa nenosiri lako la msimamizi, simama hapo. Kitufe kidogo kilicho nyuma, ukikishikilia kwa sekunde kumi au zaidi, hurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kwa ruta uliyoinunua dukani hilo halina neno, lakini kwa kifaa cha faiba ulichopewa na kampuni, huenda ukafuta taarifa za kukuunganisha na kampuni hiyo na kubaki gizani hadi fundi wao afike. Wapigie wao kwanza.

Televisheni inaonyesha video ambayo hakuna aliyeichagua

Nyumba moja ya Lanet, upande wa Nakuru, ilikuwa imekwisha kuombewa kwa sababu ya dalili hii. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: televisheni za kisasa hukubali kurushiwa video na simu yoyote iliyo kwenye waifai ileile, na mara nyingi jirani hajakusudia ubaya, amebonyeza alama ya kurusha akidhani ni televisheni yake. Uwezekano wa pili ni kwamba mgeni wa zamani aliiunganisha simu yake na televisheni kwa namba ya siri, na muunganisho huo huendelea kufanya kazi hata akiwa Busia. Ondoa waifai kwenye televisheni kwa muda: video zikikoma, kisha zikarejea baada ya kubadilisha nenosiri, ingia kwenye mipangilio ya televisheni na ufute vifaa vyote vilivyounganishwa.

Dalili hii inachekesha, lakini ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi hatari yenyewe. Anayeomba nenosiri huomba intaneti, ila anachopewa ni nafasi ya kuketi ndani ya mtandao wa nyumba, pale zilipo printa, kamera, diski ya picha za familia na ule ukurasa wa ruta. Bando analokula ni hasara ndogo kuliko zote.

Tiba yake ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi huweza kutangaza jina la pili la waifai lenye nenosiri lake, ambalo wanaolitumia hupata intaneti bila kuviona vifaa vya nyumbani wala kuonana wao kwa wao. Baadhi huruhusu pia kuwapimia kasi, na Mbps 2 au 3 zinawatosha majirani kwa ujumbe na habari. Ikiwa kifaa cha kampuni yako hakina uwezo huo, nunua ruta ya pili iliyo rahisi, uiunganishe nyuma ya ile ya kwanza kwa waya, kisha waache wageni kwenye ile ya mbele na vifaa vyako uviweke kwenye hii ya ndani. Hakikisha ruta ya ndani inafanya kazi kama ruta kamili. Ikiwekwa kama kirudia ishara tu, mitandao yote miwili inabaki kuwa mmoja na utakuwa umepoteza fedha zako bure.

Wapo wanaoitetea waifai ya wazi kwa hoja nzito. Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa Marekani, aliandika mwaka 2008 kwamba yeye huiacha ya nyumbani kwake bila nenosiri kama ukarimu kwa wageni, akisema kinachopaswa kulindwa ni kompyuta yenyewe, maana hubebwa hadi hotelini na kwenye viwanja vya ndege. Sipingani naye kuhusu kompyuta. Ila televisheni na kamera ya bei nafuu haviwezi kulindwa namna hiyo, na ukarimu uleule unaweza kutolewa kupitia mtandao wa wageni.

Kurasa zinaelekea kwingine, au kivinjari kinatoa onyo la usalama

Anza na saa. Simu iliyozimika kwa muda mrefu huamka na tarehe ya uongo, na vyeti vya tovuti, yaani vithibitisho kwamba tovuti ni halisi, hukataliwa vyote kwa pamoja. Kisha angalia kama muda wa malipo umekwisha, kwa sababu kampuni nyingi humwelekeza mteja aliyechelewa kwenye ukurasa wao wa kulipia. Ikiwa yote hayo ni sawa, zima waifai ya simu na ufungue tovuti ileile kwa bando. Ukurasa ukiwa bado ni mbaya, tatizo liko ndani ya simu, pengine kwenye programu uliyosakinisha kutoka nje ya duka rasmi. Ukiwa mzuri kwa bando na mbaya kwa waifai, tatizo liko kwenye mtandao wako, na hapo ndipo pa kuwa makini.

Kwenye mtandao, shuku kwanza DNS, yaani ile daftari inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Aliyeingia kwenye ruta anaweza kuibadilisha ili jina la benki lipeleke kwenye seva yake. Fungua mipangilio ya ruta na uzilinganishe namba za DNS na zile ambazo kampuni yako inakutajia kwa simu. Namba kama 8.8.8.8 na 1.1.1.1 ni za huduma zinazojulikana za Google na Cloudflare, na hazina ubaya. Ukikuta namba usiyoweza kuielezea, iweke ruta upya ukiongozwa na kampuni, sasisha programu yake, na ubadilishe manenosiri yote mawili.

Kisababishi cha nadra, lakini kinachozaliwa moja kwa moja na waifai isiyo na nenosiri, ni pacha. Simu iliyowahi kujiunga na mtandao wa wazi hulikumbuka jina lake, na baadaye hujiunga yenyewe na mtandao wowote wa wazi wenye jina hilohilo, hata kama umewashwa na mtu aliyeketi kwenye gari nje ya lango. Kwa hiyo ukishaifunga waifai yako, ibadilishe jina, kisha pitia kila simu ya nyumbani na uiamuru isahau jina la zamani.

Onyo la cheti likitokea kwenye ukurasa wa benki, usibonyeze pa kuendelea kwa sababu yoyote ile. Ikiwa ulikwisha kuandika nenosiri la benki kwenye ukurasa wa namna hiyo, acha utatuzi wa ruta mara moja na uipigie benki simu kwa kutumia laini ya kawaida. Ruta haiendi popote.

Akaunti imefunguliwa mahali pengine, au fedha zimetoweka

Watu huniletea dalili hii wakiwa wameshamhukumu jirani. Aghalabu kisababishi ni nenosiri moja lililotumiwa kwenye akaunti tano, akaunti iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ya saiba, au WhatsApp iliyounganishwa na kifaa kingine. Kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya programu yenyewe, viondoe vyote, kisha ubadilishe nenosiri na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Kuhusu M-Pesa, menyu iliyo kwenye laini ya simu haipiti kwenye waifai hata kidogo. Fedha zikitoweka huko, sababu ni namba ya siri iliyotajwa, laini iliyohamishwa, au ulaghai wa simu, na kila dakika unayotumia kuikagua ruta ni dakika ya kumfaidi aliyezichukua. Wapigie watoa huduma kwanza.

Waifai ya wazi huja mwisho katika orodha hii, ingawa zamani ilikuwa juu. Ikiwa haina nenosiri, mawasiliano hupita hewani bila usimbaji wa ruta, na mwaka 2010 programu iliyoitwa Firesheep iliwaonyesha watu wa kawaida jinsi ya kuingia kwenye akaunti za Facebook za waliokaa nao mkahawani. Tangu hapo tovuti nyingi zimehamia HTTPS, ambayo husimba mawasiliano yenyewe. Kinachobaki kuonekana mara nyingi ni majina ya tovuti unazotembelea. Si nenosiri, lakini kuna majina ambayo mtu hapendi jirani ayajue.

Kamera ya usalama inageuka yenyewe

Hakikisha si mtu wa familia aliye na programu yake. Ikiwa siye, chukulia kwamba nenosiri la kiwandani halijawahi kubadilishwa. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka vifaa malaki, vingi vikiwa kamera na virekodi, kwa kujaribu tu orodha ya manenosiri ya kiwandani. Chomoa kamera, badilisha nenosiri lake, na uzime kwenye ruta milango ya mtandao (port) iliyofunguliwa kuelekea nje. Ikiwa kamera inatazama chumba cha kulala au cha watoto, usiiwashe tena hadi fundi wa kamera aikague.

Kampuni au polisi wanakuuliza kuhusu jambo ambalo hukulifanya

Ploti yote ikipita kwenye ruta yako, huko nje inaonekana kama mtu mmoja: mwenye akaunti. Tusi lililochapishwa, vitisho vilivyotumwa au faili haramu iliyopakuliwa na mpangaji wa chumba cha tisa hufuatiliwa hadi kwenye jina lako, na kazi ya kueleza inakuwa yako. Ujerumani ililijadili jambo hili kwa miaka mingi: mwaka 2010 mahakama yake ya juu ya shirikisho iliamua kwamba mwenye waifai isiyolindwa anaweza kuandamwa kwa sababu ya mtu mwingine aliyeitumia, na sheria ikalegezwa mwaka 2017.

Hapa hakuna ukaguzi rahisi wala tiba ya ndani, hapa unasimama. Usiiweke ruta upya, kwa sababu utafuta kumbukumbu ambazo zingeweza kukutetea. Usijaribu kuingia kwenye simu au kompyuta ya unayemshuku: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inauhesabu uingiaji usioruhusiwa kuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na nia yako njema haitakuwa kinga. Zungumza na wakili kabla ya kuandika maelezo. Ikiwa wewe ndiye uliyedhuriwa, taarifa hupokelewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na pia na KE-CIRT/CC, kituo kinachoendeshwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kupiga picha orodha ya vifaa jinsi ilivyo, tarehe na saa zikionekana, na kuandika kwenye karatasi ni nani alipewa nenosiri na lini. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu jina la mpangaji aliyehama mwezi wa Aprili ni gumu kulikumbuka Novemba.